Mwenyeji wa Makambako ni Nani?

“Wewe mwenyeji wa wapi?” Swali hili ni la kawaida stendi ya Makambako, na mara nyingi jibu halitaji Makambako. Mmoja atasema Bulongwa, mwingine Lupembe, wa tatu Songea. Mji huu umekuzwa na njia: barabara kuu ya Zambia, ile ya Songea inayochepuka hapo, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Wakinga walikuja kutoka Makete wakafungua maduka, na leo ukitaja biashara Makambako umewataja wao.

Mtu anaweza kudhani kwamba Njombe yenyewe, Ubena hasa, mambo ni mepesi. Si hivyo. Karne ya 19 Wahehe waliwasukuma Wabena wa mtawala Mtengela hadi wakateremka bonde la Kilombero. Huko waliweka utawala juu ya watu waliowakuta, na wakaendelea kuitwa Wabena. A.T. na G.M. Culwick walipoandika habari zao mwaka 1935, kitabu walikiita Ubena of the Rivers. Wageni wa bondeni wakawa nao na Ubena wao.

Kisha Mwingereza akataka kila kitu kiwe na mahali pake. Kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, Gavana Donald Cameron aliamua watu watawaliwe kupitia machifu wao. Ikabidi kila mtu awe na kabila, na kila kabila liwe na mipaka. Kwa nyumba ambazo mke ni Mpangwa na shemeji ni Mkinga, mpango huo ulinyoosha kwa karatasi kitu ambacho hakijawahi kunyooka.

Kinachochekesha ni kwamba serikali hiyohiyo ilidai kodi ya fedha taslimu, na fedha zilikuwa mbali. Wanaume wa Njombe wakaenda kuzitafuta kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Kuanzia 1944 shirika la SILABU ndilo lililowaandikisha na kuwasafirisha. Waliitwa manamba, na Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa wengi wao. Mwenyeji wa kwenye daftari la chifu alikuwa mtu wa kuja kambini Muheza. Wengine hawakurudi.

Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, lakini swali lilibaki. Waziri Iddi Simba alipopigia debe “uzawa” katika uchumi, mabishano yalikuwa makali. Sheria iliyokuja 2004 ilizungumzia kuwawezesha “wananchi”. Bunge lilifanya vizuri, maana neno “uzawa” lingehitaji mtu wa kupekua nasaba.

Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haipekui nasaba: mwanakijiji ni yule anayeishi kijijini kwa kawaida, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo Mkinga aliyehamia kijiji cha jirani na Makambako hahitaji babu aliyezikwa hapo; wajumbe wa halmashauri wakimtambua, inatosha.