Historia ya Kauli "Make Love" na Wajibu wa Mfasiri

Neno laweza kubaki na umbo lake ilhali maana imehama. Mfano mzuri ni kauli ya Kiingereza "make love". Tangu karne ya 16 hadi ya 19, kauli hii ilimaanisha kumtamkia mtu mapenzi: kumsifu, kumrai na kumbembeleza akubali. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, iliyochapishwa London mwezi Desemba 1815, kasisi Elton anabaki na Emma peke yao katika gari la farasi usiku wa mkesha wa Krismasi. Anamshika mkono, anammiminia maneno ya mahaba na kumwomba wafunge ndoa. Emma anamkataa. Austen anakieleza kitendo hicho kwa kauli hiyo hiyo.

Katika karne ya 20 kauli hiyo ilikuja kumaanisha kujamiiana, na maana kongwe ikafifia. Mfasiri asiyeijua historia hii ataandika "kufanya mapenzi", na hapo atakuwa amemsingizia kasisi zinaa na kumvunjia Emma heshima. "Kutongoza" linakaribia, ila limebeba dokezo la hila. "Kumtamkia mapenzi" lafaa zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, mfasiri hana budi kuuliza matini iliandikwa lini.