Gilberto, João (1931–2019)

Mwimbaji na mpiga gitaa wa Brazili, mzaliwa wa Juazeiro, jimbo la Bahia, kando ya Mto São Francisco. Alifariki Rio de Janeiro.

Ujana

Alihamia Rio mwaka 1950 kuimba na kundi la Garotos da Lua, ambalo halikuvumilia uchelewaji wake likamtoa. Baadaye, akiishi kwa dada yake mjini Diamantina, alikuwa akijifungia bafuni na gitaa, kwa kuwa kuta za mle zilimrudishia hata sauti ya mnong'ono.

Mtindo wake

Wengi huieleza bossa nova kama samba iliyovishwa jazi, na Gilberto kama mshonaji wa vazi hilo. Maelezo hayo yanampunja. Ukimsikiliza mkono wa kulia, kidole gumba kinashika pigo la ngoma kubwa ya samba, na vidole vingine vinakwanyua nyuzi kwa pamoja, vikidokoa mapigo ya kingoma kidogo kinachochapwa kwa fimbo. Ni kikosi kizima cha kanivali kilichohamishiwa kwenye nyuzi sita. Kweli, akodi zake zina ladha ya jazi. Lakini albamu zake tatu za kwanza (1959–1961) zilirekodiwa Brazili kabla hajatumbuiza Carnegie Hall, New York, mwaka 1962, nazo zimejaa samba za wazee kama Ary Barroso na Dorival Caymmi.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kumpa Gilberto sifa ya mtindo huo ni kwamba nyimbo zilizompa jina ni za Antônio Carlos Jobim na Vinicius de Moraes. Jibu limo katika rekodi mbili za mwaka 1958 za wimbo wao "Chega de Saudade". Kwanza aliiimba Elizete Cardoso, kwa sauti pana na madaha ya enzi yake, Gilberto akimpigia gitaa. Miezi michache baadaye akaiimba Gilberto mwenyewe, bila mtetemo, kana kwamba anazungumza na mtu aliye karibu, akilitanguliza neno hapa na kulichelewesha pale huku gitaa halitikisiki. Wimbo ni uleule, gitaa ni lilelile; kipya ni mvutano kati ya mdomo na mkono, na huo hauandikiki kwenye karatasi ya mtunzi.

Baadaye

Getz/Gilberto (1964), aliyorekodi New York na mpiga saksafoni Stan Getz, ilitwaa Grammy ya albamu ya mwaka, ingawa umaarufu mwingi ulimwendea mke wa Gilberto, Astrud, aliyeimba humo. Albamu ya mwisho ya studio ya Gilberto, João Voz e Violão (2000), ina sauti na gitaa tu.