Liemba: Meli Iliyookolewa na Grisi

Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa Kigoma walikwisha kuona kwamba Ziwa Tanganyika limewaponyoka. Wabelgiji walikuwa wanakuja, ndege zao zimeanza kudondosha mabomu bandarini, na reli ya Tabora ilikuwa mbioni kukatwa. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, haikuwa na pa kukimbilia. Ikatoka amri izamishwe. Kabla ya kuifungulia maji, mafundi waliteremka chumba cha mitambo, wakazipaka injini grisi nzito. Meli ikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai ikazamishwa karibu na mlango wa Mto Malagarasi.

Anayekipaka grisi chombo anachokizamisha hajakitupa, amekiweka akiba. Kwa akiba hiyo tunayo MV Liemba.

Meli hii iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Kutoka bahari yoyote hakuna njia ya maji ya kuifikisha meli ya urefu wa mita 70 na ushei Kigoma, kwa hiyo baada ya kuungwa kwa boliti ilifunguliwa tena kipande kwa kipande. Ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapandishwa bara kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Pale ufukweni mabamba ya chuma yaliunganishwa upya, safari hii kwa ribiti: kipini cha chuma kinachomwa moto mpaka kiwe chekundu, kinapitishwa kwenye tundu, kinagongwa kikiwa bado laini, na kikipoa kinajivuta na kuyabana mabamba mawili. Kazi hiyo ilisimamiwa na mafundi wachache kutoka Papenburg, lakini jasho kubwa lilikuwa la vibarua wa Kiafrika na Wahindi. Majina ya Wajerumani, akiwamo Anton Rüter, yamehifadhiwa vitabuni. Ya wale wengine hayatajwi, na hili linaniuma kila ninapoisoma historia hii.

Ilishushwa majini Februari 1915. Ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, gavana aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji. Maisha yake ya kivita hayakuwa marefu.

Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Kisha wakaja Waingereza, wakaitoa majini Machi 1924. Ilipofunguliwa, injini zilizolala chini ya grisi zilionekana zinafaa. Baada ya matengenezo marefu ilirudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini.

Ukarabati haukukoma hapo. Katika miaka ya 1970 mvuke uliachwa, zikafungwa injini za dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, ilifanyiwa matengenezo mengine makubwa. Boila zimeondoka, mitambo imebadilika, bali umbo la chuma ni lilelile lililogongwa ribiti Kigoma. Nalo ndilo linalotaka uangalizi kuliko kitu kingine, maana injini hununuliwa mpya, lakini bamba likiliwa na kutu chini ya rangi mpya, rangi hiyo inamdanganya abiria tu.

Kwa watu wa mwambao wa ziwa, Liemba haijawahi kuwa kumbukumbu ya Wajerumani. Ni usafiri. Kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama majini, ikipiga honi, na mitumbwi ikiikimbilia gizani ikiwa na magunia ya dagaa, mananasi, kuku na akina mama wenye watoto mgongoni, kila mmoja akigombea kufika mlangoni. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, ni Liemba iliyowatoa kwa zamu, mamia kwa safari moja, kuwapeleka Kigoma. Ilikuwa imetimiza miaka 100 majini.

Ilipofungwa kamba bandarini Kigoma mwishoni mwa miaka ya 2010 kungoja ukarabati, wapo waliosema inatosha, ibaki makumbusho. Sikubaliani nao. Chombo kilichoopolewa mara mbili hakistahili kuozea gatini kwa sababu ya umri, na mwambao ule haujapata barabara wala meli za kutosha kiasi cha kuidharau.

Ombi langu kwa wanaoisimamia ni hili: wasirudie kosa la 1915, la kutohifadhi majina ya waliofanya kazi. Kila bamba linalobadilishwa liandikwe, na liandikwe pamoja na jina la fundi aliyelibadilisha. Wastaafu waliofanya kazi katika chumba chake cha mitambo bado wapo Kigoma na Mwanza. Waitwe, wahojiwe, na vijana wa vyuo vya ufundi wakae karibu nao wakati kazi inafanyika.