Spika za pikipiki Busia na Tororo: umeme, ushuru na sheria

Spika za muziki zimekuwa jambo la kawaida kwenye bodaboda za Busia, Malaba na Tororo. Kwa mwenye duka la vipuri, ni bidhaa inayokaa rafu moja na taa, vioo na vifuniko vya viti. Kwa mwendesha pikipiki, ni njia ya kuvutia abiria. Hata hivyo, gharama ya spika haiishii kwenye bei ya dukani. Betri iliyokufa, mzigo uliozuiliwa forodhani au kesi ya kelele inaweza kumeza faida yote. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi, muuzaji na msafirishaji wanapaswa kuyajua mapema.

Zilikotoka

Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia. Kuanzia miaka ya 1960, waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka wa Kenya na Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Baadaye pikipiki ndogo zilichukua nafasi ya baiskeli. Upande wa Kenya kasi iliongezeka mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250.

Wazo la kubeba muziki lilitoka kwenye pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Gold Wing na zile za Harley-Davidson. Hizo hufungwa spika mbele ya dereva, na nyingine kwenye vifuniko vya masanduku ya ubavuni. Mafundi wa mpakani wameligeuza wazo hilo lifae pikipiki ya cc 100 au 150: spika hufungwa kwenye chuma cha kinga ya mbele, chini ya kiti, au kwenye masanduku yaliyoshikizwa ubavuni mwa keria.

Tofauti kubwa iko kwenye umeme. Pikipiki kubwa ya safari huzalisha mamia ya wati na ina betri nzito. Pikipiki ndogo imetengenezwa kuwasha taa, honi na plagi, na kinachobaki ni kidogo.

Hesabu ya umeme

Amplifaya inayotoa wati 40 za kweli huvuta takriban wati 50 kutoka kwenye betri. Wati 50 zikigawanywa kwa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampea 4. Kwa kulinganisha, taa ya mbele ya pikipiki nyingi ndogo ni ya wati 35 hivi.

Tuseme betri ni ya ampea-saa 5. Injini ikiwa imezimwa na muziki ukiwa juu kabisa, betri hiyo itakwisha kwa muda wa saa moja na dakika chache. Muziki hauvuti nguvu yote kila sekunde, hivyo kwa vitendo itadumu zaidi. Lakini muda mrefu kabla haijaisha, stata itakuwa imegoma na dereva atabaki kupiga kiki. Betri ya asidi inayomalizwa mara kwa mara pia hufa mapema. Kwa hiyo muziki wa kijiweni, pikipiki ikiwa imesimama ikisubiri abiria, ndio wa gharama kubwa kuliko wa barabarani.

Kipimo rahisi ni mita ya volti. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka, mfumo wenye afya huonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa muziki na taa vimewashwa pamoja na mita inaonyesha chini ya 13 wakati pikipiki inatembea, mzigo umezidi uwezo.

Pikipiki za umeme zina hesabu nyingine. Betri zake nyingi ni za volti 48 hadi 72, na amplifaya ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja itaungua. Kifaa cha kushusha volti ni lazima. Pale ambapo betri ni mali ya kampuni ya kubadilishana betri, haifai kuifungua bila idhini ya kampuni hiyo.

Wati za boksi na sauti ya kweli

Maandishi kwenye boksi huwachanganya wanunuzi wengi. Namba kubwa zenye herufi PMPO ni za matangazo. Namba ya kufanyia hesabu ni ile yenye herufi RMS, ambayo ndiyo nguvu ambayo kifaa kinaweza kuihimili kwa muda mrefu.

Zaidi ya hapo, kuongeza wati hakuongezi sauti kwa kiwango kilekile. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili, nguvu hulazimika kuzidishwa karibu mara kumi. Spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 90 hutoa sauti hiyo kwa wati moja tu, ikipimwa umbali wa mita moja. Anayehama kutoka wati 20 kwenda wati 40 analipa mara mbili, anavuta umeme mara mbili, na abiria hasikii tofauti kubwa. Fedha hiyo ingefaa zaidi kununua spika yenye desibeli nyingi kwa wati moja.

Ufungaji

Mambo yafuatayo hutenganisha kazi ya kudumu na ya kurudiwa kila mwezi:

- Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si karibu na amplifaya. Waya ukichunika njiani bila fyuzi, moto huanzia chini ya kiti, jirani na tangi la mafuta.
- Umeme wa amplifaya upitie rilei inayowashwa na swichi ya ufunguo, ili muziki usiendelee kula betri usiku.
- Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba hubaki omu 2, na amplifaya nyingi ndogo huungua kwa mzigo huo. Kila spika iwe na njia yake.
- Masanduku ya ubavuni yalingane uzito, na yakae mbali na bomba la moshi.
- Spika yenye koni ya plastiki huvumilia mvua kuliko ya karatasi. Alama ya IPX4 maana yake kifaa kinahimili marashomarasho tu. Hakikukusudiwa kupigwa na mpira wa maji wakati wa kuosha pikipiki.

Ushuru wa mpakani

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wengi hupoteza fedha. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Spika iliyotengenezwa China haiwi bidhaa ya Kenya kwa sababu imenunuliwa kwenye duka la Busia upande wa Kenya. Risiti ya duka inathibitisha bei, haithibitishi uasili.

Katika vitabu vya forodha, spika na amplifaya zimo kwenye kifungu cha 8518, redio kwenye 8527, na vipuri vya pikipiki kwenye 8714. Spika haigeuki kuwa kipuri cha pikipiki kwa sababu itafungwa kwenye pikipiki. Tangu Julai 2022 Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. VAT, ambayo ni asilimia 18 Uganda na 16 Kenya, huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru.

Kwa mfano, mzigo unaoingia Uganda ukiwa na thamani ya shilingi 1,000,000 na kutozwa ushuru wa asilimia 25 utalipa 250,000. VAT itakuwa asilimia 18 ya 1,250,000, yaani 225,000. Jumla ni 1,475,000 kabla ya tozo nyingine na nauli. Muuzaji wa Tororo anayepanga bei kwa kuongeza nauli tu juu ya bei ya Busia anajidanganya.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili Februari 2018, na kinawezesha taratibu za nchi zote mbili kumalizwa mahali pamoja. Njia za panya bado zinavutia wengi, lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa mzigo wa magendo pamoja na chombo kilichoubeba. Mwendesha bodaboda anayepokea nauli ndogo kuvusha maboksi mawili ya spika za mtu mwingine anaiweka rehani pikipiki yake nzima. Aombe karatasi za forodha kabla ya kufunga mzigo kwenye keria.

Sheria ya kelele

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana katika maeneo ya biashara na 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, kikomo ni 35 kwa maeneo yote mawili. Uganda nayo ilitunga kanuni zake mwaka 2003. Desibeli 60 ni kiasi cha mazungumzo ya kawaida, hivyo hata ile wati moja iliyotajwa juu inaweza kumtia dereva hatiani.

Kuna pia usalama wa dereva mwenyewe. Muziki mkubwa huficha honi ya lori linalokuja nyuma, jambo la hatari kwenye barabara za Malaba na Busia zenye foleni za malori. Sikio nalo huumia polepole: kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 94, muda salama ni saa moja tu, wakati siku ya bodaboda ni ndefu kuliko hapo.

Kwa pikipiki ndogo, basi, seti inayolipa ni ya spika mbili za wati 10 hadi 20 za RMS, zenye fyuzi, zilizolipiwa ushuru, na zinazozimwa pikipiki inaposimama.