Baada ya ajali: shoki ya damu, shoki ya roho, na kurudi barabarani

Mtu akifikishwa hopitali hapa Kindu kutoka kwenye ajali ya pikipiki au ya lori, jamaa zake wanasema neno moja: "Ako na shoki." Neno hilo linabeba mambo mawili yasiyofanana. Munganga akisema shoki, anaongelea damu: mwili umepoteza damu nyingi, presha inashuka, na mgonjwa anaweza kufa kabla ya jioni. Jamaa wakisema shoki, mara nyingi wanaongelea roho: mtu amestuka, anatetemeka, haongei, hata kama ngozi yake haina mkwaruzo. Kuchanganya hizo mbili kunaua. Kuna majeruhi wanaolazwa kwenye mkeka nyumbani "shoki iishe kwanza", kumbe bandama imepasuka na damu inamwagika ndani ya tumbo bila tone kuonekana nje.

Jambo hili linagusa karibu kila lupango. Katika komini zote tatu, Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto wa Lualaba na Alunguli upande wa kulia, watu wanatembea kwa pikipiki. Kutoka Kalima, Kibombo au Kasongo wanakuja nyuma ya motari, ao juu ya mizigo ya lori. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwa walio na miaka 5 mpaka 29 ajali ndiyo sababu ya kwanza ya kifo. Hesabu hiyo ni ya waliokufa. Waliobaki hai na hawalali usiku hawamo.

Kwanza damu

Dalili za shoki ya damu hazihitaji mashine. Ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, pumzi inakwenda haraka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio lakini ni dhaifu, kiu inakuwa kali. Kisha mgonjwa anaanza kuhangaika, ao kuongea maneno yasiyoeleweka, ao kusinzia. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa kukosa damu hauonekani usoni. Unatafutwa ndani ya kope la chini, kwenye midomo, na kwenye kiganja. Njia ingine ni kubonyeza ukucha mpaka ugeuke mweupe, kisha kuachilia. Rangi ikichelewa kurudi kupita sekunde tatu, damu haizunguki vizuri.

Mtu wa namna hiyo anapelekwa hopitali mara moja, na aliye ng'ambo ingine anavushwa mto bila kungoja mkutano wa familia. Jeraha linalotoka damu linakandamizwa kwa nguvu na kitambaa safi, bila kufunua kila dakika kuangalia. Analazwa chali, anafunikwa asipate baridi. Hapewi maji ya sukari, wala chakula, wala lotoko "ya kumtia nguvu", kwa sababu anaweza kutapika na kukabwa, na kama atapasuliwa tumbo linapaswa kuwa tupu. Kumwagia maji baridi mtu aliyezimia ni kumwongezea baridi tu.

Jinsi ya kumbeba nayo ina uzito wake. Kumkalisha majeruhi kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia, kunaweza kumaliza uti wa mgongo uliokuwa umepasuka kidogo. Kipoyi, mlango uliong'olewa, ao ubao mrefu ni bora, shingo ikishikwa isigeuke. Wazee wa vijiji vya njia ya Kasongo walibeba wagonjwa kwa kipoyi miaka mingi, na kwa mgongo ulioumia bado hawajapitwa na pikipiki.

Aliyegonga kichwa anaangaliwa siku mbili nzima, hata kama alisimama mwenyewe na kusema "niko muzima". Kutapika tena na tena, kichwa kuuma zaidi kila saa, usingizi usio wa kawaida, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ingine, maji ao damu kutoka sikioni: moja tu kati ya hizo inatosha kurudi hopitali, hata saa nane ya usiku.

Kisha roho

Kindu ni muji wa reli, na inafaa kujua kwamba wanganga walianza kuchunguza mshtuko huu kwa sababu ya magari-moshi. Tarehe 9 Juni 1865, gari-moshi lilianguka kwenye daraja la Staplehurst, Uingereza. Mwandishi Charles Dickens alikuwa ndani. Hakuumia, na alitumia saa nyingi kuwapa maji waliojeruhiwa na wanaokufa. Baadaye sauti yake ilipotea kwa muda, na mpaka kifo chake alikuwa akishikwa na woga wa ghafula ndani ya gari, hata safari ikiwa fupi. Alikufa tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili baada ya ajali. Mwaka 1866 mpasuaji mmoja wa London, John Eric Erichsen, aliandika kuhusu wasafiri kama hao na kudhani kwamba uti wa mgongo wao ulitikiswa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, mpaka 1980, wanganga wa akili wa Marekani kuuandika ugonjwa huo rasmi kama ugonjwa unaoletwa na tukio la kutisha.

Kwa hiyo motari wa Mikelenge ambaye moyo unamruka kila akisikia klaksoni si mwoga wala hajarogwa. Wakati wa hatari mwili unajitayarisha kukimbia ao kupigana: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, akili inashika picha chache kwa nguvu sana. Hatari ikiisha, mwili haupati habari mara moja. Ndiyo maana wiki za kwanza mtu anaona tena ile lori ikija, anaamka usiku na jasho, anakwepa ile kona, anakasirikia watoto bila sababu, ao anakuwa kama hayupo, anaangalia tu. Mambo haya ni ya kawaida. Kwa watu wengi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache.

Hata wasiokuwa ndani ya gari wanaguswa. Kivu ya Kusini haijasahau Sange, njia ya Uvira, ambako tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wakiwa wameingia kuangalia mechi ya Kombe la Dunia ao wamesogea kuchota mafuta. Waliookota miili siku ile, waliochimba makaburi, waliotafuta mtoto wao kati ya waliochomeka, wote walibeba kitu. Kijana wa Msalaba Mwekundu ao jirani aliyemtoa maiti chini ya lori anahitaji kuulizwa hali yake kama anavyoulizwa aliyevunjika mguu.

Wageni, telefoni na vidonge

Kwa desturi ya hapa mgonjwa hawezi kuachwa peke yake, na desturi hiyo ni dawa kubwa. Kuwa kati ya watu wake, kula, kulala, kujua waliokuwa naye wako wapi na hali gani: ndivyo vinavyotuliza. Kitu kimoja tu kinaiharibu. Kila mgeni anayeingia anasema, "Tuelezee, ilikuwa namna gani?" Wageni kumi na tano kwa siku, hadithi mara kumi na tano, na usiku picha zinarudi kwa zamu. Familia yenye busara inachagua mtu mmoja, shangazi ao kaka mkubwa, asimame mlangoni na kuwaelezea wageni kwa niaba ya mgonjwa. Mwenyewe akitaka kuongea, asikilizwe bila kukatizwa na bila kuambiwa "acha, sahau". Asipotaka, aachwe. Zamani mashirika mengi yalikuwa yakiwakusanya waathirika mara moja na kuwasimulisha yote siku ile ile; utafiti ulionyesha haiponyeshi, na OMS haiishauri tena. Muongozo wake wa 2011 kwa wasaidizi wa kwanza unafuata hatua tatu nyepesi: kutazama, kusikiliza, kuunganisha na msaada.

Picha za miili kwenye WhatsApp ni balaa ingine. Mama anajua kifo cha mtoto wake kupitia telefoni ya jirani, kabla ya mtu yeyote kumkalisha chini. Aliyeponea naye anazifungua usiku peke yake, mara moja, mara mbili, mara ishirini. Hakuna anayesaidiwa na picha hizo, na yeyote anayezipokea anaweza kuzifuta bila kuzituma mbele.

Halafu vidonge. Kwenye farmasi nyingi Valium, yaani diazepamu, inapatikana bila karatasi ya munganga, na jamaa wanainunua ili mgonjwa alale. Mwaka 2013 OMS ilishauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa ajili ya mshtuko wa mwezi wa kwanza. Zinazoea mwili haraka, na hazizuii ugonjwa wa baadaye. Lotoko inafanya hivyo hivyo: inaleta usingizi saa mbili, kisha inauvunja.

Aliyeshika usukani

Shofere ao motari aliyeponea wakati abiria wake amekufa anabeba mzigo wa peke yake. Mara nyingi amekimbia kwa kuogopa kupigwa na watu, amejificha kwa ndugu, amesikia matanga kwa mbali. Hata asipokuwa na kosa, anarudia kichwani, "Ningepunguza mwendo, ningepita ile njia ingine." Kumwambia "ni mapenzi ya Mungu" kunaweza kumfariji muumini, lakini kunaweza pia kumfunga mdomo. Kwa wengine kinachofungua ni kukutana na familia ya marehemu, wazee wa pande mbili wakiwepo na hasira zikiwa zimeshuka.

Maombi, kwa kanisa ao kwa msikiti, yanasaidia pale yanapoleta watu na utulivu. Yanageuka sumu pale mtu anapoanza kutafutwa "aliyefunga njia", na kidole kikaangukia bibi ao mtoto wa nyumba. Ajali ya breki mbovu ilete fundi, si mshitakiwa wa uchawi.

Mwezi ukipita

Mwezi mmoja ndio mpaka wa kuangalia. Kama baada ya hapo picha zinarudi bado, usingizi haupo, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha na hawezi tena kazi wala nyumba, amekuwa mgonjwa wa kutunzwa. Akianza kusema afadhali angekufa yeye, haingojwi mwezi: hachwi peke yake, na anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Matunzo yenye nguvu zaidi ni ya mazungumzo, na mtaalamu aliyejifunza kumsaidia mtu kuikaribia kumbukumbu polepole mpaka ipoteze meno. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya ao hopitali kuu ya zoni. Vituo vya akili vinavyojulikana mashariki, SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, viko mbali, na tangu miji hiyo miwili ilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, safari hiyo si ya kumshauri mtu kirahisi.

Kurudi barabarani kunafuata sheria ile ile ya polepole. Anayekwepa pikipiki kabisa, woga wake unakua. Anayelazimishwa siku moja kwenda mpaka Kalima anaweza kurudi nyuma zaidi. Kati ya hayo mawili kuna ngazi. Siku kadhaa kukaa tu juu ya pikipiki iliyozimwa, ndani ya lupango. Kisha kuzunguka mtaa mchana, nyuma ya mtu anayemwamini, mwendo mdogo. Kisha kwenda kwa miguu pamoja na rafiki mpaka pale ajali ilipotokea, kusimama, kungoja mpaka moyo ushuke, bila kukimbia ukiwa bado unapiga. Kila ngazi inarudiwa mpaka ichoshe kabla ya kupanda ingine.

Ugumu ni pesa. Motari anayempelekea mwenye pikipiki pesa yake kila jioni hawezi kungoja ngazi, na wengi wanarudi kazini siku ya nne bila kulala, na abiria nyuma. Mwenye pikipiki anayesamehe wiki mbili za malipo hafanyi hasara kubwa kuliko ya kupoteza pikipiki na mtu.

Watoto hawasemi, wanakojoa tena kitandani, wanang'ang'ania mama, wanacheza ajali kwa vigari vya makopo. Mchezo huo usikatazwe. Waelezwe ukweli kwa maneno mafupi, warudi masomoni mapema, walale karibu na mkubwa kwa muda.

Na karatasi ziwekwe tangu siku ya kwanza: cheti cha munganga, ripoti ya polisi ya barabarani, risiti za dawa. Bima ya gari na pikipiki ni ya lazima katika Kongo tangu sheria ya Januari 1973, ingawa wengi wanatembea bila hiyo. Mwenye karatasi kamili anaweza kudai gharama za matunzo. Jamaa mmoja azishike, si mgonjwa, ili asilazimike kuzisoma kila mara polisi ao bima wanapoziomba.