Kabla ya Kulipia Safari ya Picha Kiuyu, Wajue Watu Wasio na Majina

Tangazo la safari ya picha visiwani halikosi mtu wake: mama wa mwani, maji magotini, kanga ya rangi kali, bahari ya buluu nyuma yake. Laiki zinamiminika. Mpiga picha anatajwa, kampuni inatajwa, hata aina ya kamera inatajwa. Mama mwenyewe? Hana jina.

Wengi wanadhani tabia hii imeletwa na Instagram. Wapi! Imeanza enzi za mababu.

Mwaka 1860, James Augustus Grant alitua Unguja na mwenzake John Hanning Speke, wakijiandaa kwenda bara kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alikuwa na kamera, na picha alizopiga mjini ni kati ya za mwanzo kabisa visiwani. Enzi hizo hakukuwa na kupiga fasta ukaondoka: picha ilisafishwa kwa dawa papo hapo, gizani, ndani ya hema. Walipoingia bara, joto la hema lile lilimshinda, akaiacha kamera na kuanza kuchora kwa mkono.

Kufika mwisho wa karne ya 19, biashara ilishakolea. Wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na akina Coutinho, walikuwa na studio Mji Mkongwe, na picha zao zilisambaa kama postikadi. Ndipo yule mama asiye na jina alipozaliwa. Kadi kibao za zama hizo zilibeba maelezo ya jumla tu: mwanamke wa Kiswahili, mrembo wa Zanzibar, wachukuzi. Mtu aliyekuwa Ulaya aliijua sura, lakini hakujua ni binti wa nani wala anaishi mtaa gani.

Kumbuka pia hali ya wakati ule. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Katika jamii ya namna hiyo, si kila aliyesimamishwa mbele ya kamera alikuwa na ubavu wa kusema hapana.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio palepale Mji Mkongwe. Mteja wa studio alikuja kwa miguu yake, kavaa alichotaka, kakaa alivyopenda, kalipa, kisha kaondoka na picha yake. Ilipotundikwa sebuleni, kila mwenye nyumba alijua huyu ni shangazi, yule ni babu. Kamera ni ileile, ila safari hii mwenye sura ndiye aliyekuwa na kauli.

Sasa twende Kiuyu, kaskazini mashariki mwa Pemba. Anayechagua safari aanze kwa kuuliza: Kiuyu ipi? Kuna Kiuyu Minungwini upande wa Wete, na kuna Kiuyu Mbuyuni upande wa Micheweni, na bado kuna msitu wa Ras Kiuyu. Muuzaji anayejibu "Kiuyu tu" pengine hajawahi kukanyaga huko.

Swali la pili ni la maji. Kilimo cha mwani kilishika kasi Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi inafuata bamvua, siku ambazo maji yanakupwa sana na mashamba yanafikika. Ratiba iliyopangwa kwenye maji mafu itawapa wageni bahari tupu. Na hata kwenye bamvua, saa za kazi ni chache: vigingi vikazwe, mwani ufungwe kwenye kamba, uliokomaa uvunwe, kabla maji hayajajaa. Ukimwambia mama ageuke, atabasamu, arudie tena kwa ajili ya watu wanane, umekula muda wake wa riziki. Wakati huohuo viatu vya wageni vinakanyaga kamba zake. Sio poa kabisa.

Ndiyo maana udogo wa kikundi peke yake hautoshi. Tazama Bhutan, nchi ya milima ya Himalaya ambayo wapiga picha wengi wanaiota. Ilifungulia watalii mwaka 1974 kwa mpango wa wageni wachache wanaolipa vizuri. Leo mgeni wa kawaida anatozwa dola 100 kwa kila usiku, na ndani ya mahekalu kamera kwa kawaida hairuhusiwi. Uchache wa watu umeambatana na malipo yanayoingia nchini, na mipaka ambayo mgeni anaikuta imeshawekwa na wenyeji.

Kwa Kiuyu, mambo hayohayo yaulizwe kabla ya kutoa mkwanja. Mwongozaji ni mtu wa Pemba? Sheha wa eneo ameshaambiwa kuwa kuna ugeni? Droni ina kibali? Mama wa mwani analipwa kwa muda wake, au anaachiwa "asante" na pipi za watoto? Akikataa, kuna mtu atakayeheshimu hapana yake? Na picha yenyewe itamrudia, hata kwa kutumiwa kwenye simu ya mwanawe?

Kuna kipimo kimoja rahisi kuliko vyote, na hakina gharama. Mtumie mwandaaji picha moja kutoka kwenye ukurasa wake mwenyewe, umuulize: huyu mama anaitwa nani? Akijibu jina, kijiji, na jinsi walivyoelewana, jadili bei. Akijibu "mwanamke wa Pemba," huyo bado anauza postikadi.