Kirusi cha Sericho: programu isiyo na kompyuta

Sisi tunaoandika programu tuliazima neno "virusi" kwa waganga wa watu na mifugo, tukasahau lilikotoka. Leo hebu tulirudishe kwa wenyewe. Tuanzie Sericho, kule Garba Tulla, Isiolo, ambako mto Ewaso Ng'iro unaelekea kuishia kwenye kinamasi cha Lorian.

Mwishoni mwa Novemba 2020 wachungaji wa Garba Tulla walianza kufariki: homa, kuumwa kichwa na tumbo, wengine kutokwa damu puani. Desemba kondoo wakafa kwa wingi Sericho. Kufikia tarehe 4 Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 nchini Kenya na vifo 11. Ugonjwa wenyewe ni homa ya Bonde la Ufa.

Huu si mgeni kwetu. Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi shambani karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha maelezo yake. Walipopasua mizoga walikuta ini limeharibika. Kwa hiyo kirusi kinakokwenda kilijulikana mapema. Mlango kinaopitia ndio uliochukua miaka 90.

Kirusi hiki ni vipande vitatu vya RNA ndani ya utando. Ni maagizo matupu, hayana mashine ya kuyatekeleza. Sasa kinafanyaje kazi?

Kwanza kinaingia. Protini za juu yake hushika protini ya seli iitwayo LRP1, ambayo kazi yake halali ni kupokea mizigo kutoka nje. Seli inakimeza yenyewe ndani ya kifuko. Kifuko kikishakuwa na asidi, utando wa kirusi unaungana na wa kifuko, na RNA inamwagika ndani.

Pili kinajinakili. Kinakata vichwa vya ujumbe wa RNA wa seli na kuvibandika kwenye ujumbe wake, ili mtambo wa kutengeneza protini uusome kama wa nyumbani. Ni kama kukata muhuri wa chifu kwenye barua ya jirani na kuubandika kwenye yako!

Tatu kinazima kengele. Protini yake moja, NSs, inaingia kwenye kiini cha seli na kuizuia isitoe interferoni, ambayo ndiyo mbiu ya kuziamsha seli za jirani.

Mlango huo wa LRP1 ulitangazwa mwaka 2021, miezi michache baada ya maafa ya Sericho. Protini hiyo haitofautiani sana kati ya mnyama na mtu, jambo linalosaidia kueleza kwa nini kondoo na mchungaji wake huanguka pamoja. Mchungaji humsaidia kondoo anayetupa mimba kwa mikono mitupu, au humchinja mgonjwa kabla hajafa.

Kati ya mlipuko na mlipuko kirusi hujificha ndani ya mayai ya mbu aina ya Aedes, yanayoweza kukaa miaka kwenye udongo mkavu. Mafuriko yakija, yanaanguliwa. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997–98, na tena 2006–07, Kenya ilipopoteza zaidi ya watu 150. Mara hiyo ya pili setilaiti zilikuwa zimetoa tahadhari kabla ya wagonjwa wa kwanza!

Chanjo ya mifugo ipo tangu zamani, kutokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, ingawa inaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe. Ya binadamu iliyoidhinishwa haijapatikana hadi leo.

Kwa maoni yangu, kiraka lazima kiwekwe kabla ya mvua, wakati hakuna dalili yoyote. Lakini mfugaji anayeripoti mimba zilizotupwa anajua soko linaweza kufungwa, na ada ya shule iko kwa hao hao kondoo. Bila kumfidia, tutaendelea kupata habari kutoka makaburini. Ninyi wenye mifugo, mnaonaje?